Ukuta wa Rangi ya Mkono wa Mume Wangu

Mume wangu ni fundi rangi, na mtaa mzima unamwita Jicho. Mpelekee kifungo, kitambaa, hata ganda la ndizi, atakoroga ndooni mpaka ukuta ufanane nacho. Hajawahi kushindwa, na hilo hulisema hata asipoulizwa.

Siku moja ngazi iliteleza ikamgonga mkononi. Kwa kuwa ni maji ya kunde, damu ilipovilia chini ya ngozi doa lilionekana wazi, zambarau yenye ukingo wa kijani. Mama mwenye nyumba aliyokuwa akiipaka akaliona.

"Hiyo hiyo! Sebule yangu naitaka hiyo!"

Mwingine angecheka. Jicho akaweka mkono kando ya ndoo, akaanza kukoroga. Lakini doa la damu si kifungo. Kabla hajaanza ukuta wa pili, zambarau ilishageuka manjano, akaifuata vivyo hivyo. Mama akauliza mbona kuta zake hazisalimiani.

Jioni Jicho akaniletea mwiko. "Mke wangu, nigonge hapa. Kidogo tu."

"Nikugonge, kesho majirani waniite nani?"

"Kazi itaharibika!"

"Na iharibike. Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na ukuta."

Akanuna, akabugia vidonge vyake vya maumivu ya goti, ambavyo huvitafuna kama karanga, akalala. Asubuhi akaniamsha kwa shangwe. Tumboni doa, pajani doa, zambarau tupu.

"Ahsante! Kumbe ulisubiri nilale!"

Sikuwa nimemgusa. Yeye alishavaa ovaroli. Nikamburuta mpaka zahanati, njia nzima akilalamika kwamba rangi itamchujuka mwilini kabla hajaifikisha kazini.

Daktari akamuuliza anatumia dawa gani, na alipotajiwa vidonge vya goti akatikisa kichwa. "Vidonge hivyo ndivyo vinavyokuvujisha damu ndani kwa ndani. Achana navyo leo. Siku ikivujia kichwani, mkeo atabaki mjane."

Mimi nikalia, sikujali nani ananiona.

Nesi akamtoa damu ya kupima, akamwekea pamba. "Bonyeza hapo, baba, isije ikavilia."

Mume wangu akaitazama ile pamba, kisha akanong'ona: "Nesi, nikiacha kubonyeza, itatoka zambarau?"

Nikausukuma mkono wake pembeni, nikaibonyeza mwenyewe, kwa nguvu zote nilizomnyima jioni ile.