Sekunde Kumi na Mbili za Bibi

Dada yangu aliniomba kitu kimoja tu kwa ajili ya sendofu yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi: aingie ukumbini kwa sauti ya bibi yetu. Bibi alikwisha fariki, akatuachia kaseti moja iliyorekodiwa uani kwake Kalinzi, akiimba wimbo wa Kiha wa kumtoa binti nyumbani. Mtu mwenye akili timamu angeinasa kwa simu, akampa DJ, akaenda kula pilau. Mimi nikasema, "Niachie."

Nina kompyuta ya zamani, ya aina ile ambayo kibodi ndiyo kompyuta nzima. Unaichomeka kwenye televisheni na kuilisha programu kwa kaseti. Jirani yetu, afisa aliyeletwa Kigoma kutoka Moshi, alipohamishwa tena aliiacha verandani pamoja na ndoo iliyotoboka. Ndoo ilipata mtu kabla ya kompyuta. Mashine ile ilitengenezwa kutoa milio ya michezo ya watoto tu, pii na puu. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kusoma mtandaoni na kuharibu, hadi ikatoa sauti halisi ya binadamu, na tangu hapo nimekuwa mtu asiyevumilika. Kwenye harusi za watu sisikii muziki. Nasikia spika zinavyokwaruza.

Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati ya sendofu, alinihoji mbele ya kikao.

"Simu yangu hii ina nyimbo zote. Kwa nini tubebe televisheni?"

"Simu inabana sauti, baba mdogo."

"Inaibana wapi? Mbona mimi naisikia?"

"Husikii kilichopotea."

"Kama sikisikii, nimepoteza nini?"

Kamati ilicheka. Dada hakucheka. "Mwacheni," alisema. "Yeye ndiye ataniingiza." Jioni ile ile nilianza kazi.

Tatizo la mashine ile ni kumbukumbu yake, ndogo kama kibaba. Ukitaka sauti safi, inajaa upesi. Ukitaka wimbo mrefu, lazima uishushe sauti hadi ikwaruze kama dagaa kwenye mafuta ya moto. Nilitengeneza zote mbili. Ile ndefu niliitia upande wa pili wa kaseti kwa aibu, kama mtu anayesukuma kandambili chini ya kitanda mgeni akibisha hodi. Ile safi ilikuwa ya sekunde kumi na mbili. Nilifuta kikohozi, nikafuta upepo, nikafuta kuku waliokuwa wakiparua nyuma ya bibi, mmoja baada ya mwingine. Nilipomaliza, bibi alisikika kana kwamba anaimbia ndani ya benki.

Lakini je, sekunde hizo zingetosha? Mimi si mzembe. Nilikwenda ukumbini Mwandiga mchana mmoja, nikatembea kutoka mlangoni hadi meza kuu huku nikitazama saa. Nilifika kabla wimbo haujaisha. Nikarudia nikiwa nimevaa viatu vya dada vya visigino virefu, nikawahi tena, kwa taabu. Mlinzi alinitazama, akaamua kutouliza.

Nimehudhuria sendofu tangu utotoni, na sijawahi kuona hata bi harusi mmoja akitembea. Wanacheza: hatua moja mbele, mbili nyuma, tatu tena mbele, wapambe wanainama, kina shangazi wanatandika khanga sakafuni, watu wanakwenda kutuza na kurudi vitini. Kabla bi harusi hajafika meza kuu mtu anaweza kumaliza sahani ya wali. Haya yote niliyajua. Nilipima ukumbi, nikasahau desturi.

Siku yenyewe MC akatangaza, mlango ukafunguliwa, nikabonyeza. Sauti ya bibi ilitoka safi hata mama akaweka soda chini. Dada akaenda hatua moja mbele, akarudi mbili nyuma, akawa nje ya mlango kabisa, na wimbo ukaisha.

Dada alinitazama kutoka kizingitini, mguu mmoja ameuinua. Hakukasirika. Alikuwa akiningoja, na hilo lilikuwa baya zaidi. Ningeweza kurudia kile kipande hadi afike, lakini sikuweza kuvumilia bibi akatizwe katikati ya neno. Nikageuza kaseti, nikaanza kupakia ile ndefu. Kupakia huchukua dakika kadhaa, tena kwa makelele, kama mashine ya kusaga iliyomeza kijiko. Sikukumbuka kupunguza spika.

"Huo ndio muziki wa kompyuta," alisema MC, kwa sauti ya mtu aliye msibani. "Tuuvumilie."

Mama mkubwa, binti wa kwanza wa bibi, anayeuza dagaa Kibirizi na hajui kunong'ona, akauliza, "Mbona mama amekasirika?"

Watu wakaangua kicheko. Kisha yeye mwenyewe akasimama, akakaza khanga kiunoni, akaudaka wimbo pale ulipokatika. Wenzake wa Kibirizi wakampokea kwa Kiha na makofi, juu ya makelele ya mashine yangu, na dada akaingia. Mbele moja, nyuma mbili, mbele tatu, khanga, tuzo. Mimi nilikuwa nimeinamia kaseti nikiomba isome bila kosa, na nakiri kwamba katikati ya yote hayo nilikerwa na makofi, maana yalikuwa yakichelewa nyuma ya wimbo.

Kupakia kuliisha dada akiwa amekwisha keti. Bibi akatoka tena, safari hii akikwaruza, pamoja na kikohozi chake, upepo wa Kalinzi na kuku wote, jogoo wao akiwika. Kina mama wakaketi kumsikiliza. Baba mdogo akaniinamia sikioni.

"Umeona? Ungetumia simu tangu mwanzo."

Mama naye akafika.

"Wale kuku umewatoa wapi?"

"Walikuwapo, mama. Kule mwanzo niliwafuta."

"Yule jogoo alikuwa wangu," alisema, akavuta kiti, akakaa karibu na spika.

Kutoka meza kuu dada alizungusha kidole hewani: tena. Nikarudia. Jogoo, kwa anayetaka kujua, sauti yake bado iko juu kidogo kuliko inavyotakiwa.