Gari Lisilobisha Hodi

Dada yangu ni mpeleka vifurushi. Miaka kumi na moja alivipeleka kwa pikipiki ya petroli, na kelele zake zilinitia wazimu, sifichi. Ila Baba, aliyepofuka zamani, aliipenda. Ikifika tu kwenye kona ya kinyozi, huyo anainuka kitini, anapapasa ukuta mpaka mlangoni, anafungua komeo. "Mwanangu anakuja," anasema. Hakukosea hata siku moja.

Mwaka huu ofisi yao ikawapa vigari vya umeme vya magurudumu matatu, vyenye sanduku nyuma, vinavyopita vichochoro ambavyo magari makubwa hayaingii. Asubuhi Dada anapakia kinyumenyume: kifurushi cha mwisho kushuka ndicho cha kwanza kuingia. Anachomeka betri iliyojaa, anaondoka bila moshi wala mlio. Mtaa ukambandika jina la Paka, maana unaanika nguo zako, ukigeuka yuko nyuma yako na boksi lako mkononi. Mwenyewe anasema anafanya kazi kama anayeota. Redio zinapita dirisha kwa dirisha, na habari ikianza nyumba hii, anaimalizia nyumba ya tatu.

Baba hakuwemo kwenye ndoto hiyo. Dada akiingia, mzee anashtuka, kisha ananuna. "Siku hizi unaingia kama mwizi," anamwambia. Akaacha kabisa kuinuka kitini. Nikamshauri Dada afunge kengele.

"Mdogo wangu, mimi mbuzi?" akanijibu. Tukacheka. Ningejua, nisingecheka.

Alasiri moja nilikuwa kwenye cherehani, nashona kola iliyokataa kukaa sawa, pikipiki ikapita nje. Mlio ule ule, pengine ndiyo ile ile Dada aliyoiuza. Sikuinua hata kichwa. Nilipomaliza mshono, kiti cha Baba kilikuwa kitupu, mlango wazi, fimbo haipo. Barabara kuu iko mitaa miwili tu kutoka kwetu, na malori hayamjui kipofu.

Nikampigia Dada. "Baba katoka, kaifuata pikipiki. Nisamehe." Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilisimama mlangoni nikimsubiri, na kama kawaida sikumsikia akifika. Nikajibana naye kwenye kiti cha kigari, kiti cha mtu mmoja, huku nalia.

"Nyamaza," akasema. "Sikiliza."

Tukateleza kichochoro kwa kichochoro. Jua lilikuwa jepesi, mapazia yalipepea madirishani, na kila kitu kilisikika: maji yanachuruzika bombani, sufuria inasuguliwa, mtu anajiimbia chumbani. Kwa kitambo nilisahau kwamba tunatafuta mtu, na mpaka leo naona haya kusema hivyo. Kisha, kwa mbali, tak, tak, fimbo inagonga ukuta. Kwa pikipiki ya zamani tusingeisikia ng'o. Dada akakata kona, machozi yanamtoka.

Tulimkuta amekumbatia nguzo, hatua kumi kutoka barabara kuu, shati limelowa jasho.

"Nilikuja kukufungulia mlango," akamwambia Dada alipomshika mkono. "Mlango wenyewe siuoni."

Tulimpakiza nyuma kwenye sanduku, tukaacha kifuniko wazi, na vifurushi viwili vilivyobaki tukampa avipakate. Mimi nilitembea kando, maana Dada aliendesha polepole kama aliyebeba mayai. Baba alikaa na uso juu, mdomo wazi kidogo. Tukaipita kona ya kinyozi, tukasimama nyumbani.

"Upepo mzuri hapa," akasema. "Sasa tunaondoka saa ngapi?"

"Tumefika, Baba," Dada akajibu.

Mzee akarudisha vifurushi kimoja kimoja, akashuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akausukuma, kisha akasimama kando ili Dada apite.