Pua Yangu na Korona ya Pili

Mimi huuza samaki Garsen, na kazi yangu naifanya kwa pua. Mvuvi akinimwagia kambare mezani, simuulizi kawavua lini. Nafunua shavu la samaki, nanusa, basi. Akinidanganya namrudishia mali yake mbele za watu, tena kwa sauti, maana waongo siwawezi.

Ndiyo maana korona ya kwanza ilinishika pabaya. Homa ilikuja ikaenda, lakini pua ilikufa kabisa. Vitunguu viliungua sufuriani nami nimesimama pale pale. Siku moja nikauza kambare aliyeoza, mteja akamrudisha na kunitukana mpaka nikakosa pa kuuweka uso. Lakini hofu yangu kubwa haikuwa biashara. Mama yangu yuko Kau na ana pumu, nami niliapa sitampelekea ugonjwa ule. Nikakaa mbali naye mwaka mzima na zaidi. Unga na dawa nilimtumia kwa watu wa bodaboda, salamu kwa simu.

Ya pili ilipokuja sikuitambua, na mpaka leo nashangaa. Koo lilikwaruza, mgongo ukauma kama nimeshinda nikipalilia mpunga, tumbo likaharisha. Kikohozi kidogo tu. Na pua? Nzima! Kila asubuhi nilifunua mashavu nikanusa: huyu wa jana, huyu wa leo. Jirani yangu wa meza akaniambia, "Dada, si ukapime?"

"Nikapime nini nawe? Korona naijua, tumeshalala kitanda kimoja."

Kwetu hata hivyo kila homa ni malaria. Nikanywa dawa za malaria, nikapata nafuu kidogo, na kwa vile nilikuwa nimechoka kumsikia mama kwenye simu tu, nikafunga safari. Bodaboda mpaka ukingoni, kisha mtumbwi.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni. Alifurahi, jamani! Tukala sima na samaki sinia moja, vidole vikigongana. Kumpakulia mama sahani yake peke yake kungekuwa ni kumwambia yeye mgeni.

Siku ya nne akashindwa kupumua. Tukamkimbiza hospitali, akawekwa oksijeni. Nesi akatuingiza vijiti puani sote wawili, akarudi na majibu: korona, mama na mwana.

"Haiwezekani!" nikafoka. "Mimi nanusa! Nanusa dawa ya sakafu hapa, nanusa na chai yenu ile, maziwa yameungua!"

Nesi akacheka. "Maziwa yameungua kweli, mama. Lakini ya pili si lazima ije kama ya kwanza."

Nikamuuliza maswali mpaka akavuta kiti. Kwa nini safari hii tumbo? Kirusi ndicho kilichobadilika au mwili wangu? Na ya tatu itaingilia wapi? Akasema kirusi hubadilika, na mwili uliokwisha kuugua hupambana nacho kivingine, wengine wakaugua kidogo tu, wengine sana. Mengine akakiri kwamba hata wao hawayajui vizuri. Nilimpenda kwa hilo. Tangu siku ile nikikutana na mtu aliyeugua mara mbili simwachi mpaka anieleze yote. Mwanamke mmoja sokoni aliniambia ya kwanza ilimlaza wiki mbili, ya pili akadhani ni mafua ya vumbi. Kila mtu na yake.

Lakini pale hospitali maswali yote yaliishia kitandani kwa mama. Nilimtazama kifua kikipanda na kushuka, nikajichukia. Mimi niliyejigamba kwa pua yangu ndiye niliyemlaza pale.

Siku alipoondolewa oksijeni nikapiga magoti kando yake. "Mama, ni mimi niliyekuletea. Nisamehe."

"Najua," akasema. "Nilikusikia ukikohoa tangu uko mtumbwini."

"Sasa mbona ulinikaribisha? Si ungenifukuza?"

Akavuta pumzi, akatulia, akavuta nyingine.

"Mwaka mzima, mwanangu," akasema. "Nilidhani umenisusa."