Mwalimu wa Theluji Aliyefunzwa na Mchanga

Niapieni halitatoka hapa, maana nami niliapa, na tazameni nalimwaga gazetini. Dereva mmoja wa Tanga, kazi imekwisha na kibali kinaisha, aliomba ualimu wa kuteleza kwenye ukumbi wa theluji hapa Doha. "Bibi," akaninong'oneza, "usitoboe siri yangu, nimewaambia nimejifunzia Uswisi." Kumbe kajifunzia kwenye vilima vya jangwani, ambako mchanga hushika mbao za kutelezea usipoegemea nyuma.

Siku ya majaribio nilikwenda, makoti mawili mwilini. Dereva wetu akaegemea nyuma vilevile. Theluji haishiki, mbao zikamkimbia, akashuka kwa makalio hadi miguuni pa msimamizi, Mkenya.

"Buda, hivyo ni vile watu huteleza kwa mchanga. Hiyo Uswisi yako iko jangwa gani?"

Foleni nzima ya waombaji ikacheka. Dereva hakuinuka.