Mgomba Kaburini mwa Alphonsine

Jirani yangu hapa mtaa wa Shari, mjini Bunia, Alphonsine, ana kaburi lake kule Djugu, na ndani yake umelala mgomba. Mlima ulipoporomoka ukaifunika nyumba yake, maiti haikuonekana. Basi kaka yake Rodrigue akafuata desturi: akakata mgomba, akauvika kitenge cha dada yake, akauzika. Kumbe watu wa bonde la pili walikuwa wamemfukua mzima, mguu tu ndio umevunjika, wakampeleka hospitali ya Nyankunde.

Hapa ndipo hasira inaponipanda. Muuguzi alimpigia Rodrigue simu kabla matanga hayajaisha! Akajibu, "Tunakuja." Hakuja mtu. Gentille, binti wa pekee wa Alphonsine, alikuwa amechumbiwa, na baba yake alikufa zamani. Mama akiwa hospitalini, harusi ingengoja, na ng'ombe wa mahari wangepokelewa kwa idhini yake. Akiwa kaburini, wanapokelewa na mjomba. Maiti haulizwi sanda.

Alipopona, Alphonsine akaja na mkongojo wake hadi kwa Rodrigue, hapa Bunia. Kaka mtu akasimama mlangoni.

"Siye tulishakulilia, dada. Mutu akishaliliwa, haingii tena mu nyumba."

"Na simu ya infirmier wa hospitali, muliililia pia?"

Hakuwa amemfuata yeye. Alimfuata mwanawe, akiamini kabisa kwamba binti naye alidanganywa. Gentille akatoka, macho chini.

"Mama, siku ya ile simu nilikuwa pale. Nilisikia yote. Niliogopa ndoa itakufa."

Alphonsine huniambia kwamba mlima haukumuumiza vile.

Akaanza upya kwa karai moja na unga wa kuazima, anakaanga maandazi. Gentille alikuwa akija. Alipewa kigoda, alipewa andazi, neno hakupewa. Nikamsihi shoga yangu: damu nzito kuliko maji. Akaniambia niende nikayanywe hayo maji.

Juzi Gentille alikuja na kichanga mgongoni. Akapiga magoti palepale kwenye vumbi, analia.

"Mama, unisamehe. Hata kama haunisamehe, umubebe mujukuu wako."

Alphonsine aliyaacha maandazi yakaungua. Kisha akafuta mikono kwenye kitenge, akainyoosha.

"Huyu, leta. Huyu hakunizika."