Macho ya Sista Kagendo

Utoto wangu niliupitia katika boma ambamo hakuna mtoto mchanga aliyewahi kusifiwa. Mgeni akija kumwona mtoto alitakiwa aseme ni mbaya, au asiseme kitu. Ndugu yangu Ireri alizaliwa na mashavu ya kufinywafinywa, lakini Cucu, nyanya yetu mzaa baba, alimwita "hiki kitu kibaya" tangu siku aliyoletwa nyumbani. Mimi nilikuwa darasa la pili na nilimhurumia mno. Niliamini kwa dhati kwamba nimepewa ndugu mwenye sura mbovu, na shuleni sikumtaja hata kwa rafiki zangu.

Sababu ilikuwa jicho. Kwetu Mbeere, nje kidogo ya Ishiara, mpaka leo wapo wanaoamini kwamba kuna watu ambao macho yao yakimpenda mtoto humwangusha. Si wachawi, wala hawana nia mbaya. Wengine hata hawajui kama wanalo. Dawa yake ni rahisi: mtu akishamsifu mtoto, ageuke kando, ateme mate kidogo kifuani pake mwenyewe, na yale maneno yanakuwa baraka. Asipotema, jioni mwili wa mtoto unachemka.

Sasa fikiria hali ya Sista Kagendo. Alikuwa muuguzi mgeni katika dispensari yetu, mtu wa Meru upande wa Ruiri, msichana mrefu mwenye macho makubwa ajabu, na aliwapenda watoto kupita kiasi. Kila aliyelazwa mezani alimwagiwa sifa. "Ai, huyu ni mnono! Mama, unampa nini huyu?" Kisha anamdunga sindano ya paja, na jioni mtoto anapata joto, jinsi watoto wengi wanavyopata baada ya sindano ile. Akina mama hawakukawia kuunganisha mambo. Hakuna aliyesema sindano ina shida. Walisema Sista ana jicho.

Mwaka huo surua ilikuwa ng'ambo ya mto Thuci, na habari zake zilifika sokoni pamoja na watu waliokuja kuuza mtama. Ireri alikuwa ametimiza miezi tisa, na Mama alitaka achanjwe upesi. Cucu akakataa katakata. Baba, kama kawaida yake mama yake na mke wake wakivutana, akakumbuka ana kazi shambani. Kwa siku kadhaa jikoni kwetu sufuria ndizo zilizosema. Mama alikuwa akimwogesha Ireri huku machozi yanamtoka, akimpapasa ngozi kutafuta vipele ambavyo havikuwapo. Mimi nilianza kuogopa bila kujua hasa naogopa nini.

Mwishowe Cucu alisema, "Tutaenda. Lakini nitaongea mimi."

Niliandamana nao kubeba chupa ya uji. Aliyeisimamia dispensari tulimwita Daktari, mwanamume mwenye sauti nene na haraka nyingi. Cucu hakuzunguka. Alimwambia mtoto adungwe, ila Sista kwanza ateme mate. Daktari alicheka, kisha akakasirika.

"Nyanya, hapa ni hospitali. Huo ujinga muache huko nyumbani. Mtoto anadungwa ama mnaenda?"

"Tunaenda," Cucu akasema, akakaza leso kiunoni.

Mama alisimama katikati ya mlango, hajui amfuate nani. Mwishowe alitufuata. Tulikuwa tumefika kwenye tangi la maji nje, mbele ya benchi walipokaa wanawake wakingoja zamu, Sista Kagendo alipotoka nyuma yetu mbio.

"Cucu, ngoja. Ni mimi nimekukosea?"

"Hiyo dawa sina shida nayo," Cucu akajibu. "Shida ni macho yako."

Benchi zima likamgeukia Sista. Hata mimi, na udogo wangu, nilijua kumwambia mtu mzima ana jicho si neno la mchezo. Sista alikuwa ameokoka, alikuwa mwimbaji wa kwaya, na alikuwa amesoma. Akitema mate, Ishiara yote itasema amekiri. Akikataa, Ireri anarudi nyumbani jinsi alivyokuja.

"Kwani nilifanya nini, Cucu?"

"Ulisifu mtoto wa Rwamba, ukanyamaza. Ulisifu wa mwalimu, ukanyamaza. Mama yako hakukufunza?"

"Mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Mimi nimelelewa kwa shule ya boding."

Uso wa Cucu ulilegea, nikamwona tena nyanya ninayemjua.

"Basi hakuna mtu alikuambia," akasema taratibu.

"Hakuna. Niambie wewe."

Ndipo Cucu akamfundisha, palepale kando ya tangi, mbele ya watu wote: unageuka hivi, unatema kidogo, hapa kifuani. Sista akafuata, na sare yake nyeupe iliyopigwa pasi. Mara ya kwanza alitema mengi mno, Cucu akamkemea, na wanawake wa kwenye benchi wakaangua kicheko. Sista naye akacheka huku akijifuta. Nilimpenda kuanzia hapo.

Alipomaliza akasema, "Na mimi nikuambie yangu. Hii ya surua, wiki ijayo mtoto anaweza kuchemka mwili, hata atoke vipele kidogo. Ni dawa inafanya kazi. Ni siku mbili hivi, halafu inaisha. Ikizidi mnaniletea, hata kama mtanitoa kanisani. Na kama leo unaona bado, rudi na yeye nyumbani, mimi sitakununia. Kesho utanipata hapa. Lakini surua iko hapo ng'ambo tu, Cucu, na mimi naogopa."

"Unaogopa?"

"Sana."

Nadhani neno hilo ndilo lililommaliza Cucu. Alimtoa Ireri mgongoni kwa Mama, akaingia naye ndani mwenyewe, na ni yeye aliyemshika miguu akidungwa. Daktari alijifanya anatafuta kitu kabatini.

Wiki iliyofuata joto likaja, pamoja na vipele, kama ilivyosemwa. Pia wakaja majirani. Waliketi barazani wakamtazama Ireri anavyolialia, mmoja wao akasema, si tulikwambia. Cucu alikuwa anachambua ndengu, na hakuinua kichwa.

"Aliniambia," akasema.

"Alikuambia nini?"

"Aliniambia itakuja. Na aliniambia itaenda."

Ikaenda. Baada ya hapo Cucu akawa akisimama njiani kuwaelekeza wanawake wengine kwa Sista, na bado aliamini jicho lipo mpaka anaingia kaburini. Sista hakumdai aache imani hiyo. Alidai mtoto achanjwe tu.

Surua ilivuka mto kabla ya mvua. Kwetu haikuingia. Iliingia kwa jirani yetu, Mama Nyaga, ikamchukua kitinda mimba wake, msichana aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushikilia ukuta. Mama Nyaga naye alikuwa amempeleka dispensari, kabla yetu, siku ambayo Sista alikuwa amesafiri kwao. Aliuliza kuhusu joto la mwili na kuhusu macho, Daktari akamkemea mbele ya watu, naye akambeba mwanawe akaondoka. Alikuwa anangoja apate ujasiri wa kurudi.

Sasa ninaishi Meru mjini, na mwaka jana nilijifungua binti, Makena, kabla ya wakati wake. Nilipompeleka chanjo nilitaka kujua kama kiumbe mdogo hivyo aweza kudungwa sindano mbili siku moja. Daktari wa kwanza hakuinua macho. "Madam, mmesoma sana kwa simu. Unataka ama hutaki?" Sikuwa nimekataa chochote. Nilikuwa nimeuliza. Miguu yangu ilinitoa nje kabla sijaamua, na nikiwa barabarani nilishtuka kuona jinsi ilivyo rahisi, mtu kuondoka tu, na mtoto mgongoni.

Mwanamke ninayenunua nyanya kwake katika soko la Gakoromone ndiye aliyenielekeza kwa daktari mwingine wa watoto, kule nyuma ya soko. Huyo aliweka kalamu chini. Alinieleza sindano ya kwanza ni ya nini, ya pili ni ya nini, na joto litakuja lini. Akasema, "Ningekuwa mimi, ningempa zote leo, hasa kwa vile ni mdogo. Lakini ni mtoto wako. Kaa hapo nje ufikirie, hakuna mtu atakukimbiza." Nilikaa nje kidogo tu. Nilirudi ndani nikamshika Makena miguu, akapewa zote mbili.

Krismasi tulikwenda nyumbani. Mama Nyaga, mzee sasa, alikuja kutuona, akampakata Makena kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama amechanjwa. Nikasema ndiyo.

"Na huyo daktari wenu," akauliza, "anaongea na watu vizuri?"

Nikamwambia anaongea vizuri. Akatikisa kichwa kukubali, akamfunika mtoto miguu.

Nimeliwaza swali lake tangu siku hiyo. Yule Daktari wetu hakusema uongo. Yote aliyoyajua kuhusu surua yalikuwa ya kweli, na yangemwokoa yule msichana aliyekuwa akishikilia ukuta. Alikuwa nayo palepale mezani, na mama wa yule msichana alikuwa amesimama mbele yake, amekuja kuyachukua.