Dalali Aliyekula Makande Yetu

Mwanangu, habari ya nyumba nitaifikia, lakini kwanza nakumbuka siku ile kule Maretadu, kaka yangu Bura alipotaka kuoa. Mimi nilikuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinajitokeza. Kwetu muoaji hajisemei, wazee wanamtafutia msemaji wa upande wake. Bura akaona huo ni usumbufu. Akamwendea babu.

"Shikamoo babu. Msimtafute mtu. Mjomba wa binti ananipenda, juzi kanikaribisha pombe. Yeye atanisemea."

Babu alikuwa anasokota kamba ya ndama. Hata kichwa hakuinua. "Mjomba wa binti? Ng'ombe wakianza kutajwa, yeye atataka wapungue au waongezeke?"

Tulicheka, Bura akanuna. Alioa baadaye, akisemewa na msemaji wa upande wake, na yule mke alikuwa na sauti ya kuimba kanisani, ukimsikia unasahau njaa. Ila hayo tuyaache.

Mwaka jana binti yangu Paulina, aliyefiwa na mume, alichoka kupanga vyumba. Akataka nyumba yake Endasak, aishi na wanawe. Alichokuwa nacho ni ng'ombe walioachwa na marehemu, basi. Mnunuzi wa ng'ombe alishapatikana, anangoja neno tu.

Nyumba ilipatikana kwa dalali mmoja kijana wa pikipiki, ambaye mwenye nyumba ndiye aliyemtuma auze. Kijana ana adabu huyo! Shikamoo anaitoa akiwa bado mbali, ananiita baba. Alikula makande kwetu akaomba aongezwe. Sasa sisi watu wa huku, mtu akishakuamkia vizuri na kula chungu chako, unamhesabu wa kwako. Paulina akaanza kusema "dalali wetu". Na mimi nikasema hivyo hivyo.

Halafu usiku huo, sijui kwa nini, nikamkumbuka babu na ile kamba. Asubuhi nikamwambia Paulina tumtafute dalali wa upande wetu, tumlipe sisi. Akaguna, "Baba, wa nini tena? Si tunaye?" Lakini akakubali. Tukampata Mama Safari wa Katesh, mama mnene, mcheshi, anajua viwanja kuliko anavyojua ndugu zake.

Tukaenda wote. Ilikuwa kiangazi, mahindi yameshavunwa, ng'ombe wa kila mtu wanatembea kwenye mabua. Pikipiki zilifika hadi mlangoni. Bati zima, kuta nzuri. Mama Safari hakuingia ndani. Alikwenda kumsalimia bibi jirani, wakacheka huko, kisha akarudi naye.

"Bibi, hebu waambie. Mvua zikianza, hawa watapita wapi?"

"Wapite wapi tena?" bibi akasema. "Hapa mlipoweka pikipiki ni shamba langu. Nalima mpaka kwenye ukuta wao. Upande ule analima shemeji yangu, na yeye ni mkali, mimi afadhali."

Paulina akamgeukia kijana. "Mdogo wangu, mbona hukuniambia?"

"Dada, hukuniuliza. Hayo ni ya majirani, mtaelewana tu."

"Tutaelewana nani na nani?" Mama Safari akamkata. "Kampigie mwenye nyumba. Kama kuna njia, aje atuonyeshe, na majirani wakubali mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kama hakuna, ng'ombe wa huyu dada hawauzwi."

Kijana akasema anakwenda kutafuta mtandao. Akaiwasha pikipiki, akakatiza kwenye mabua.

Tukakaa kivulini kumngoja, na Paulina akafungua hotpoti ya makande aliyombebea. Hapo ndipo nilipomwambia, na wewe nakwambia: yule kijana si mwizi. Ametumwa na muuzaji, na kazi ya muuzaji anaifanya vizuri. Ukinunua nyumba, tafuta dalali wako, umlipe wewe, aulize yale ambayo wewe hujui kuuliza, na awe na ruhusa ya kukwambia acha. Wa upande wa pili msalimie, mlishe, lakini usimwachie mdomo wako. Mungu akupe nyumba, na njia ya kuifikia masika na kiangazi.

Tulingoja mpaka ng'ombe wakaanza kurudi. Makande yakapoa, tukayala wenyewe na yule bibi. Ng'ombe wa Paulina bado wako zizini. Kijana hajarudi hadi leo.